Kumbukumbu ya Mvua ya Mawe

1

Kissa alikuja kituoni Jumatatu asubuhi, siku ya tano tangu atimize miaka kumi na minane. Fomu alikuwa ameshaijaza nyumbani kwa kalamu ya wino, kama sheria inavyotaka, na ameikunja mara nne.

Nilimtambua kwa mwendo kabla sijauona uso. Watoto wa vioo wote wana mwendo ule: hupita katikati kabisa ya mlango, mikono wameibana mbavuni, wasiguse fremu. Wamekua, wengine wana wake na waume, lakini mwendo haujawatoka.

"Shikamoo, mama Sekela."

"Marahaba, mwanangu. Leo hukungoja Ijumaa! Njoo ukae. Nikupe chai?"

"Nashukuru, nimeshakunywa." Aliketi ukingoni mwa kiti, akaikunjua fomu na kuinyoosha mezani kwa kiganja. "Nimekuja unitilie saini. Nataka kuirudisha."

Nilijidai sikushtuka. Kwa miaka miwili nilikuwa mshauri wa vijana waliopandikizwa kumbukumbu hapa Tukuyu. Wakifika umri huo tunawaita na kuwaambia ukweli: ile kumbukumbu yako tamu kuliko zote, ile unayoikimbilia ukiugua au ukiogopa, si yako. Ni ya mtu mzima fulani aliyekubali kukupa ulipokuwa mdogo. Kisha tunawaeleza haki yao. Anayetaka iondolewe, itaondolewa, na mtoaji wake akiwa hai, atarudishiwa. Hadi siku hiyo tulikuwa tumewaambia vijana hamsini na watatu. Kumi na mmoja walirudisha.

"Utaratibu unaujua," nikamwambia. "Kwanza unisimulie yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, niilinganishe na maelezo ya mtoaji."

Alifumba macho. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtoto.

"Natoka shule. Nina sare mpya, kubwa, imenunuliwa ya kukulia. Nimefika kwenye migomba ya juu ya nyumba, mvua ya mawe inaanza. Mawe yananipiga masikio. Nimeganda, siwezi kusogea. Mama anatoka jikoni anakimbia. Hana viatu. Ungo ameushika juu ya kichwa kwa mikono miwili. Ananifunika, na mawe yanalia juu ya ungo kama bisi kwenye sufuria. Ananipakata mpaka jikoni, ingawa mimi ni mkubwa wa kupakatwa. Kuna moto wa kuni. Moshi unaniwasha macho lakini sitaki kutoka. Ananivua sare, ananifunga kitenge chake cha njano, miguu yangu anaibana makwapani mwake. Anafukua ndizi kwenye majivu, anaipuliza. Kila kipande, kabla hajanipa, anauliza, 'Huyu wa nani?' Mimi najibu, 'Wako.' Basi. Inaishia hapo."

Alifumbua macho. Nilitazama kishikwambi changu. Nilitakiwa kuandika kila kitu, nami nilikuwa nimeandika neno moja tu: ungo.

"Ni kumbukumbu nzuri," nikasema.

"Ndiyo shida yake." Kutoka kwenye mkoba alitoa karatasi nyingine. Zilikuwa kurasa za daftari la wodi, zile ambazo kila kijana hupewa siku ya kuambiwa ukweli. "Mama yangu aliyenizaa aliitwa Tupokigwe. Alikuwa anauza parachichi kwenye soko la Ushirika. Soma."

Nilisoma. Daftari la wodi ya vioo lilijazwa na mashine, halikuwa na huruma wala urembo. *Mama wa mtoto 31 amefika kiooni. Dakika kumi.* Siku iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata. Kurasa tisa za mstari huo mmoja, miezi kumi na mmoja, kisha mstari mmoja tofauti: *Mama wa mtoto 31 hakufika.*

"Homa ilimchukua," Kissa akasema. "Nilikuwa na mwaka na miezi saba. Kila siku alikuja akaniangalia kwa dakika kumi, haruhusiwi kunigusa. Mimi nikifumba macho nimtafute, sasa hivi, mbele yako, namtafuta mama yangu, nani anakuja? Anakuja huyu mwanamke wa ungo. Amekalia kiti cha mama yangu, mama Sekela. Nataka atoke."

"Akitoka, yule mwingine haji. Hilo unalielewa? Hayumo. Ulikuwa mdogo mno."

"Kiti kikae kitupu, basi. Angalau kitakuwa chake."

Nilimwomba siku tatu. Nikamwambia ni utaratibu. Haukuwa utaratibu.

Mwanamke yule wa ungo alikuwa mama yangu mzazi, na mtoaji namba 114 aliyeandikwa kwenye faili la Kissa nilikuwa mimi.

2

Wasioikumbuka homa ya mwaka wa sitini na tisa hawawezi kujua kimya chake. Iliwaua watu wazima haraka na watoto wachanga haraka zaidi, na njia pekee ya kumwokoa mchanga ilikuwa kumweka ndani ya kioo, hewa yake peke yake, akinyweshwa na kusafishwa kwa mikono ya mashine. Mikono hiyo ilikuwa laini, ya joto la mwili, haikuchoka wala kukasirika. Chanjo ilipopatikana baada ya miaka mitatu na kitu, watoto mia nne walitolewa vioo vya nyanda za juu kusini. Walikuwa na afya. Meno yao yalikuwa mazuri. Ila hawakulia. Mtoto alianguka, goti likachubuka, akalitazama kama kitu cha mwenzake.

Watafiti waliwafuatilia. Chakula kilikuwa kilekile, walimu walewale, vitanda vilevile. Baada ya miaka miwili walianza kutengana, wengine wakijifunza kusoma na kugombana na kucheka, wengine wakibaki vilevile. Waliopona walikuwa na kitu kimoja tu ambacho wenzao hawakuwa nacho: kabla ya kuingia kiooni walikuwa wakubwa kidogo, wa kutosha kukumbuka, hata mara moja, kushikwa na mtu waliyemwamini. Mara moja tu ilitosha. Ilikuwa kama chachu kwenye unga.

Ndipo ikaja kofia. Kumbukumbu mtu anapoikumbuka hulainika, mithili ya udongo wa mfinyanzi uliotiwa maji, kisha hukauka tena katika umbo lake. Kofia huisoma ikiwa laini na kuiandika kwenye ubongo wa mtoto, mradi hajapita miaka saba. Baada ya hapo haishiki, isipokuwa kwa mwenyewe aliyeitoa. Tatizo ni kwamba ili isomwe yote mpaka harufu, dawa huizuia isikauke kwa muda wa dakika arobaini, na dakika hizo zikiisha, kwa mtoaji hakuna kinachokauka. Hubaki habari. Unajua kwamba jambo lilitokea, kama unavyojua tarehe ya uhuru.

Watoaji wetu walikuwa wazee wa huku kwetu, wa Rungwe na Kyela na Busokelo. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka vijijini kuwaomba. Nilikaa nao, nikanywa maziwa yao, nikawauliza: siku gani ulipendwa zaidi? Wengine walicheka, wengine walilia, na karibu wote walikubali. Mzee mmoja wa Masoko aliniambia, "Mimi nimeshaitumia miaka sabini. Mpe mtoto aanze nayo."

Kissa alikuwa na miaka sita na miezi kumi na mmoja zamu yake ilipofika. Alikuwa hali chakula mpaka alishwe na mkono wa mashine. Tulilazimika kuuacha mmoja ukining'inia ukutani kwa ajili yake peke yake. Mtoaji wake, bibi mmoja mcheshi wa Kiwira, aliaga dunia kitandani siku mbili kabla. Mwingine aliyelingana naye angepatikana baada ya miezi minane. Kissa alikuwa amebakiwa na wiki nne.

Sheria ilituzuia sisi wafanyakazi. Walisema mtu akimpa mtoto anayemlea, hatajua tena anampenda mtoto au anajipenda mwenyewe. Niliijua sheria hiyo, nilishiriki kuiandika. Jioni moja nikamwambia daktari Gwamaka anivike kofia.

Nilidhani nitabaki na nyingine. Nilikuwa na mama kwa miaka ishirini na tisa, kumbukumbu zingekosekana? Lakini ile ilikuwa shina. Nilipoitoa, nyingine zilianza kunyauka moja moja, nikaona sauti yake imetoweka, kisha mkono wake, kisha jinsi alivyokuwa akitembea. Leo nikitaka kumwona natazama picha, na katika picha ni mama mmoja wa Kinyakyusa aliyevaa vizuri kwenda kanisani.

Kissa alikula kwa mkono wake mwenyewe wiki ile ile. Mwezi uliofuata alijigonga kidole mlangoni, akalia, na wafanyakazi wote tukatoka nje kwenda kumsikiliza akilia. Sijawahi kujuta. Ila si kweli kwamba sijawahi kuitaka.

3

Daktari Gwamaka sasa ni mkurugenzi. Ndevu zimekuwa nyeupe, na bado ana tabia ya kufuta miwani anapotaka kusema jambo asilolipenda.

"Weka saini," aliniambia. "Binti ni mtu mzima. Hakuna aliyemshawishi. Ni haki yake, na kwa mara moja dunia inakurudishia na wewe kitu. Ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni kwamba mimi ndiye mshauri wake. Nikimwambia 'rudisha', anayesema ni mshauri au ni mtu mwenye njaa?"

"Basi mpe mshauri mwingine."

"Nitamwambia kwa nini?"

Alifuta miwani. "Dada Sekela, ukimwambia ukweli ataandika. Vijana wa siku hizi wanaandika. Kamati itakuja, wataufunga mradi. Tuna watoto tisa wanaosubiri chini hapo, mayatima wasiowahi kushikwa na mtu. Umewaona. Yule mdogo wa Kandete bado anajificha chini ya kitanda watu wakiingia. Utawaambia nini hao?"

 Nilikwenda nyumbani nikafungua taarifa za wale kumi na mmoja waliorudisha. Nilizijua, lakini nilitaka kuziona tena. Watano walikuwa wazima kabisa. Wawili walisema wamepata wepesi. Wanne usingizi uliwaacha. Mmoja kati yao aliacha chuo na hataki kumwona mtu. Wanne kati ya kumi na mmoja. Mtafiti angekuambia idadi ni ndogo, usitoe hitimisho. Nami nilikuwa mtafiti. Utafiti unazungumza habari za watoto, lakini mbele yangu alikuwa mtoto mmoja.

Niliona aibu kwa jambo moja zaidi. Wakati nasoma majina ya wale wanne, upande mmoja wa moyo wangu ulikuwa unahesabu siku hadi nitakapomsikia mama tena.

4

Siku ya tatu nilimwambia. Sikumzungusha.

"Kissa, yule mwanamke anaitwa Atuganile Mwakatobe. Ni mama yangu. Mtoto kwenye ile kumbukumbu ni mimi. Nilikupa nikiwa mfanyakazi hapa, na haikuruhusiwa. Ukiirudisha, itakuja kwangu. Kwa hiyo siwezi kukushauri, na nilikosea Jumatatu kukusikiliza bila kukuambia. Nisamehe."

 Alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Nilikuwa nakuja ofisini kwako kila Ijumaa," akasema. "Miaka kumi na mmoja. Unanisuka nywele. Unaniuliza, umeota nini wiki hii? Nakusimulia. Kumbe ulikuwa unamsikiliza mama yako!"

"Mara nyingine, ndiyo."

"Mara nyingine!"

"Mara nyingine nilikuwa nakusikiliza wewe. Mwanzoni nilikuja kwa ajili yake. Baadaye... sijui ni Ijumaa ipi ilibadilika. Sikudanganyi, sijui."

Alilia kwa hasira, kamasi na yote, bila kuficha uso. Sikumsogelea. Hatimaye alijifuta kwa kiwiko, akainua kiti, akakaa tena.

"Unaitaka?" akauliza.

"Nini?"

"Usijifanye. Unaitaka irudi?"

"Ndiyo," nikasema. "Kila siku."

Nadhani alitarajia nikane. Akawa anachezea ukingo wa fomu.

"Nipeleke huko kwanza," akasema. "Nataka kuiona hiyo nyumba. Sitaki kuamua kuhusu mahali nisipopajua."

5

Isyeto ni mwendo wa saa moja kutoka mjini. Gari lilijiendesha lenyewe kupita mashamba ya chai, kisha barabara ya udongo mwekundu ikaanza na gari likaanza kulalamika, likataka tuthibitishe mara tatu kwamba kweli tunataka kuendelea. Kissa alikuwa ameegemea kioo. Tulipoingia kwenye kona ya mwisho alisema, "Hapa kulia kuna mfereji," na mfereji ulikuwepo. Mimi nilikuwa nimeusahau.

Nyumba ilikuwa imebadilika. Bati la zamani limeondolewa, juu kuna vioo vya jua, na jikoni la nje sasa ni banda la kuku, maana kuni zimepigwa marufuku tangu niko kijana. Nilipowaza kuwa moshi ule wote uliotufukiza utotoni sasa upo mahali pamoja tu duniani, yaani kichwani mwa msichana huyu, nilinusa hewa, nikapata harufu ya kuku tu.

Dada yangu Subilaga alitoka kutupokea. Ana miaka sitini na sita, masikio yamechoka, lakini ulimi bado. Ndiye aliyebaki kwenye mji wa wazazi.

"Ndaga, ndaga, karibuni. Huyu ndiye nani?"

"Huyu ni Kissa, dada. Yule niliyekusimulia kwenye simu."

"Aliyepewa mama?" Akamkagua kutoka utosini hadi viatuni. "Haya, aliyepewa mama, huwezi kukaa bure. Shika kisu, umenye ndizi. Na usiniite bibi. Mama mkubwa inatosha."

Tuliketi ukumbini na beseni katikati, tukamenya ndizi za mbalaga. Kissa alimenya kama mama, akianzia chini, utomvu hauingii kucha. Subilaga aliona. Kisu chake kilisimama.

"Hebu nisimulie," akasema. "Nataka kusikia mlichopeana."

Kissa alisimulia. Safari hii macho yalikuwa wazi, akionyesha kwa kisu: migomba ya juu pale, mlango wa jikoni pale. Alipofika kwenye ungo, dada yangu akaanza kutikisa kichwa polepole, na aliposema habari ya ndizi na lile swali, dada alicheka.

"Kweli kabisa," akasema. "Alikuwa anauliza hivyo. 'Huyu wa nani?' Eh, mama! Na kitenge hakikuwa cha njano, kilikuwa cha rangi ya chungwa, kimepauka. Sasa na mimi nilikuwa wapi?"

Kissa akasita. "Wewe haumo, mama mkubwa."

"Simo?" Alisogeza kilemba nyuma. Juu ya jicho la kushoto lilikuwapo kovu dogo, limekunjamana. Nililijua kovu hilo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza limetoka wapi. "Tulitoka shule pamoja. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa nimekubebea daftari lako, wewe Sekela. Mvua ilipoanza wewe ulikimbia mbele ukaganda kwenye migomba, mimi nikawa nyuma, pale kwenye mfereji. Mama akatoka na ungo. Akaniona. Tuliangaliana. Akakufuata wewe."

Hakuna aliyekuwa anamenya tena.

"Ungo ulikuwa mmoja," dada akasema. "Jiwe moja likanichana hapa. Nilipoingia jikoni, wewe umefungwa kitenge, miguu kwapani, unalishwa. Aliniambia, 'Mwanangu, wewe njia unaijua.' Basi. Ndiyo siku hiyo hiyo mnayopeana kwa mashine."

"Dada," nikasema. "Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba ulifunikwa? Ulikuwa mdogo, ulistahili kufunikwa." Alimgeukia Kissa, sauti ikapanda kama ya watu wasiosikia vizuri. "Sikiliza, mtoto. Sekela ameniambia kuhusu mama yako wa kwenye kioo. Mimi siku ile sikufunikwa. Lakini usije ukaniambia mama hakuwa wangu! Niliyaona macho yake wakati anakimbilia kwa mdogo. Alikimbia kwa mwenzangu huku anaumia kwa ajili yangu. Hiyo ndiyo niliyobaki nayo, na imenitosha kumzika vizuri na kuukalia mji wake. Kuna mtoto anayeshikwa, na kuna mtoto anayeangaliwa tu kwa sababu mikono haifiki. Wote wana mama."

Kissa aliinamisha kichwa. 

"Dakika kumi," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Kila siku alipewa dakika kumi."

"Alisema nini?" dada akauliza, mkono sikioni.

"Anasema mama yake alipewa dakika kumi kwa siku, dada."

"Aa. Na hakukosa hata siku moja?"

"Hakukosa," Kissa akajibu, "mpaka alipokufa."

Dada yangu alishusha pumzi ndefu, akamwekea Kissa kiganja mgongoni, kiganja kilicholowa utomvu, akakiacha hapo. Kisha akasema maji yanachemka, ndizi zitiwe, watu wana njaa.

Tulikula mbalaga na maharage. Dada na Kissa waligombana kuhusu rangi ya kitenge, kuhusu ndizi ilichomwa au ilichemshwa, kuhusu mlango wa jikoni ulifungukia ndani au nje. Nilikaa kati yao bila cha kuchangia. Mama yangu alikuwa anapita juu ya kichwa changu, kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na mimi nilikuwa mgeni. Iliuma. Lakini nilisikia mambo ambayo hata kabla ya kofia sikuwa nayo, mathalani kwamba mama alipokimbia alikuwa anatukana mvua, matusi mazito, yeye mzee wa kanisa. Kissa alisema ndiyo, kuna maneno pale ambayo hakuwahi kuyaelewa kwa kuwa ni ya Kinyakyusa. Akayatamka. Dada yangu alicheka mpaka akashika tumbo.

Kwenye gari wakati wa kurudi Kissa aliitoa fomu mkobani.

"Siirudishi," akasema. "Nisamehe."

"Usiniombe msamaha."

"Nilidhani akitoka, mama yangu atapata nafasi. Sasa naona hawagombei kiti kimoja." Aliitazama fomu. "Ila nina masharti. Ijumaa nitakuja kama zamani, nitakusimulia. Lakini uniulize na mimi. Uniulize habari za leo, siyo za ndoto tu."

Nilimwambia nitamwuliza. Kisha nikageukia dirishani, mashamba ya chai yalikuwa yanapita, na nililia kidogo kwa kitu ambacho nilijua sasa hakitarudi kwangu kamwe. Alinyoosha mkono akanishika kidole kimoja. Mtoto wa kioo, akimgusa mtu bila kuombwa.

6

Taarifa ya kosa langu niliiandika mwenyewe na kuiwekea jina langu. Daktari Gwamaka aliisoma akiwa amesimama, akafuta miwani, na kwa mshangao wangu akachukua kalamu akaongeza jina lake chini ya langu.

Kamati ilikaa wiki mbili. Mimi niliachishwa kazi. Daktari alishushwa, akarudi kuwa daktari wa kawaida, jambo lililomfurahisha kuliko alivyoonyesha. Mradi haukufungwa. Waliubadilisha: watoto sasa wanaambiwa mapema, wakiwa na miaka kumi, na mtoaji akipenda anaweza kuja kukutana nao. Yule mdogo wa Kandete alipata kumbukumbu ya mzee mmoja wa Mwakaleli aliyewahi kufundishwa kuogelea na babu yake. Nimesikia ametoka chini ya kitanda.

Jumamosi baada ya uamuzi huo Kissa alinipigia simu, akaniomba nimsindikize mahali. Daftari la wodi lilikuwa na ukurasa wa mwisho ambao hakunionyesha: namba ya kaburi. Waliokufa kwa homa walizikwa pamoja, upande wa juu wa mji, misonobari ikipandwa kuwazunguka. Hakuwahi kwenda. Kwa miaka yote hiyo hakujua kuna wa kumwendea.

Umande ulikuwa bado mzito. Tulitembea kati ya mistari ya mawe madogo yasiyo na majina, yeye akisoma namba kwa sauti, mimi nikimfuata na mwavuli. Alipoipata alisimama, akanigeukia.

"Mama Sekela, niache kidogo."

Nilirudi mpaka kwenye lango nikaketi juu ya ukuta. Kutoka pale nilimwona akipiga magoti, akaamkia kama anavyoamkiwa mzazi, kichwa kikiwa chini. Maneno sikuyasikia. Niliona tu mikono yake ikianza kusogea, ikieleza kitu, ikionyesha urefu wa mtu, ikihesabu vidole, kama binti aliyetoka safari ndefu na ana habari nyingi. Mara moja alicheka.

Alikaa karibu saa nzima. Aliporudi, sketi ilikuwa na tope kwenye magoti na macho yalikuwa mekundu, lakini alipita langoni akiwa ameegemeza mkono kwenye nguzo.

"Nimemwambia kila kitu," akasema. "Na habari zako nimempa. Nimemwambia ni nani alinishika wakati yeye hakuruhusiwa."